Wajukuu Kumi na Watatu, kwa Herufi ya Mikia

Nyambura, mwanangu,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni mwaka mzima. Ni ya ile mashine ya kukatia karatasi pale dukani, wakati mkono wake wa chuma unaposhushwa juu ya rundo lililobanwa sawasawa. Haikwaruzi wala haipigi kelele. Inasema khwap, mara moja, kama mlango mzito unaofungwa na mtu asiye na hasira. Ulipokuwa mdogo ulilala kwenye katoni la karatasi hatua tatu kutoka hapo, na haikukuamsha hata siku moja. Mimi pia nilikuwa nimeacha kuisikia. Halafu ikaja Jumatano moja mwaka jana nikaisikia, na tangu siku hiyo naisikia hata nikiwa nimeketi hapa nyumbani Kiamunyi na duka limefungwa.

Umetoka kwenda kunyolewa kwa sababu shule ya bweni unayokwenda haitaki nywele. Kinyozi ana foleni ya watoto wa gredi ya kumi, kwa hiyo nina kama saa mbili za kuandika. Sitaandika habari za sabuni wala soksi. Hizo tumeshazipanga kwenye sanduku, na usizozikuta utaazima kama watu wengine. Nataka kukuambia jambo nililolifanya. Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu tangu Jumapili, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umekula.

Nianze na ile herufi, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kudanganya vizuri.

Unaijua. Auntie Atieno, mwenzangu wa dukani, anaiita Mama Kanisa. "Hii kadi weka Mama Kanisa," ananiambia, nami najua anataka ile yenye vijiguu chini ya kila mstari na mikia kwenye herufi kubwa, ile ambayo N yake inaanza na kikunjo kama ukingo wa kofia na R yake inaburuta mguu nyuma kama gauni la bibi harusi. Mstari mmoja mnene, unaofuata mwembamba kama uzi. Ukiiangalia unadhani ilichongwa na mzee fulani aliyekufa zamani. Si kweli. Ilitengenezwa juzijuzi kwenye kompyuta, na mtu mwenye umri kama wangu, ili ionekane imeishi. Uzee wake ni wa kuigiza. Chuoni tulifundishwa kuidharau kidogo. Mwalimu wetu alisema herufi ya namna hiyo ni chumvi, na mtu hapiki sufuria ya chumvi.

Lakini Nakuru wanaipenda, na mimi nikajifunza kuipenda kwa ajili yao. Nimeiweka kwenye mitungi ya asali, kwenye vyeti vya shule ya Jumapili, kwenye kibao cha duka la cherehani, kwenye kadi za harusi za watu waliokuja kuachana kabla wino haujafifia. Ina tabia zake. Haitaki kubanwa, iache na nafasi nyeupe pande zote, kama mgeni anayepewa kiti chake peke yake. Ukiiandika yote kwa herufi kubwa, mikia inakamatana kama kondoo langoni na hakuna anayeweza kusoma. Ukiifanya ndogo, ile mistari myembamba inapotea na neno linabaki vipande. Inafaa jina moja, labda mistari miwili. Zaidi ya hapo unahitaji herufi ya kawaida, ya kufanya kazi.

Hayo yote niliyajua mapema. Jambo moja lilinichukua miaka kuliona: chochote unachokiandika kwa herufi hiyo kinaonekana kimekuwa kweli tangu zamani. Andika "Asali Safi" na hakuna anayeuliza kama kuna sukari ndani. Andika orodha ya watu, na hakuna anayeuliza nani hayupo.

Sasa nakuja kwako.

Nilikuambia baba yako alihamia mbali. Yuko Mau Narok. Ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa ulipo. Anaitwa Kariuki. Ana mke na watoto watatu, na analima ngano na viazi kwenye shamba la mama yake. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na minane, naye alikuwa na kumi na tisa. Alipoambiwa alisema atakuja na wazee wake. Hakuja. Sitamchafua zaidi ya hapo, kwa sababu kwa miaka kumi na mitano nimemwacha akae bila kusumbuliwa, na hiyo nayo ni kazi yangu.

Ulipozaliwa, nyanya yako wa Kiamunyi alitaka uitwe jina lake. Ndiyo desturi. Mtoto ambaye watu wa baba yake hawajafika kumwulizia huchukua jina la upande wa mama. Mimi nilikataa. Nilisema binti wa kwanza huitwa mama wa baba yake, na mama wa baba yako aliitwa Nyambura, basi wewe ni Nyambura.

"Unampa mtoto jina la watu ambao hawajaleta hata kuku?" mama akaniuliza. "Wambui, hilo jina si lako kuligawa."

"Watakuja," nikamwambia. "Wakisikia jina watakuja."

"Kwa hivyo mtoto ni barua?"

Niliona amenitukana. Sasa naona alikuwa amesoma jambo lote kwa sentensi moja. Nilikutumia kama hodi. Nilikupiga kwenye mlango wa watu nikasimama nje kusikiliza, na wewe ulikuwa na siku nane.

Mlango ulifunguka mara moja, na ni kidogo. Ulikuwa na miaka saba. Mama mmoja mzee aliingia dukani akiwa na kitambaa cha kanisa kichwani, akitaka vyeti vya akina mama wa ushirika wao. Sikumjua. Wewe ulikuwa chini ya meza ukichora herufi kwenye vipande vilivyokatwa.

"Na wewe unaitwa nani, msichana?" akauliza.

"Nyambura."

"Nyambura wa nani?"

"Wa Mum."

Yule mama alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliniangalia mimi, akakuangalia paji la uso, akaketi kwenye kile kiti cha wateja kama mtu aliyeambiwa aketi. Baada ya muda alifungua mfuko wake akatoa kiazi cha kuchemsha kilichofungwa kwenye karatasi, chakula chake cha safari. "Haya, wajina. Kula," akakuambia. Ulikula chote bila kusema asante, nami nilikukemea, naye akasema, "Mwache. Anakula kwao."

Hakurudi tena. Lakini kila mavuno ilikuja pikapu kutoka juu Mau Narok, dereva akashusha gunia. "Nimeambiwa nilete," ndiyo maneno yake yote. Ulipouliza nilikuambia ni mteja mmoja mkarimu. Umekula viazi vya cucu yako, mama wa baba yako, miaka saba ukidhani ni shukrani ya kadi. Mwaka jana havikuja, ukaniuliza, "Mum, huyo customer wa waru alienda wapi?" Nikasema amehama.

Alikuwa amekufa.

Nilijua kwa sababu waliniletea mimi kazi ya kuchapa programu ya mazishi. Wangeci, dada mkubwa wa baba yako, aliingia dukani siku ya Jumatatu akiwa na karatasi mbili za daftari na picha kwenye bahasha. Mtu mwingine yeyote pale mtaani ananiita Mama Nyambura. Yeye hakuniita hivyo.

"Wambui, habari ya kazi?"

"Nzuri, auntie. Poleni sana."

"Asante. Watu wanasema wewe ndio unafanya safi. Tunataka ile ya kizamani, iko na hivi." Akachora mkia hewani kwa kidole. "Mum hakuwa mtu wa kuchapiwa kitu ya photocopy. Ikae ya heshima."

"Itakuwa ya heshima."

"Na ufuate vile tumeandika. Usiongeze, usipunguze."

Aliniangalia aliposema hivyo. Alijua, na alijua kwamba ninajua. Nilikuwa na nafasi pale. Kaunta ni pana kama mkono wangu. Ningesema, "Auntie, hapa pamekosekana mtoto." Maneno manne tu. Nimeyasema mara nyingi tangu hapo, nikiwa naosha vyombo.

Nikasema, "Nitafuata."

Ningependa kukuambia niliogopa. Niliogopa, ndiyo, lakini si hiyo tu. Nilitaka waione kazi yangu. Unaelewa? Nilifikiri nikiwatengenezea programu nzuri kuliko zote zilizowahi kufika Mau Narok, watu watauliza nani ameifanya, na baba yako atasikia jina langu, na watajisikia vibaya. Nilidhani uzuri unaweza kusema kile ambacho mimi nimekataa kukisema. Nilikaa na lile jina siku mbili nzima. Nyambura. Nililiweka juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kubwa, kwenye karatasi ya rangi ya krimu. Nilisogeza y karibu na N kidogo kidogo. Niliufupisha mkia wa R wa neno lililofuata ili usiguse picha. Niliona raha, mwanangu. Hilo ndilo linaloniumiza. Nilikuwa napanga jina lako kwenye maiti ya cucu yako, na nilikuwa na raha ya fundi.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa familia. Watoto wanne. Wakwe. Wajukuu kumi na watatu. Nilivunja kanuni yangu mwenyewe na kuyaandika majina yote kumi na matatu kwa Mama Kanisa, kwenye safu mbili, saba na sita. Safu ya pili ilibaki na nafasi ya jina moja chini. Fundi yeyote angeiona. Nikaweka ua dogo pale.

Jumatano Auntie Atieno akapanga rundo kwenye mashine. Hushika nakala ya juu na kuisoma kabla ya kukata. Ndiyo tabia yake, anasema hakati asichokisoma. Nilimwona akihesabu kwa kidole.

"Mama Nyambu. Na huyu wetu?"

"Orodha ni ya wenyewe."

"Nimesoma mara mbili. Hata kale katoto kalizaliwa juzi kako. Huyu wetu ndio amebeba jina ya marehemu mzima mzima, na hayuko? Mmeweka maua?"

"Atieno, kata."

"Nikate?"

"Nimesema kata."

Khwap.

Ndiyo ile sauti.

Ningeweza kuishi na hilo, nadhani. Watu huishi na mengi. Lakini miezi miwili iliyopita ulifungua droo yangu ukitafuta stepla, ukatoka na nakala niliyokuwa nimeificha. Nilikuwa nakata sukuma wiki. Ulisimama mlangoni ukiishikilia karibu na uso kama unavyoshika kila kitu kilichochapwa.

"Mum, huyu Nyambura ni nani?"

"Mteja. Familia ya mteja."

"Anakaa mimi nikizeeka. Cheki hapa." Ukagusa paji la uso lako.

"Watu hufanana."

Ukaigeuza, ukafika nyuma, nikakusikia ukihesabu chinichini. Kisha ukasema, "Hii list ya mwisho hujaifanya vizuri. Mama Kanisa si ya majina mingi, wewe ndio uliniambia. Na hii maua inakaa imewekwa kufunika kitu."

Nilicheka. Nilisema umekuwa mwalimu. Nikaendelea kukata sukuma wiki, nikajikata, ukaniletea plasta.

Una jicho, Nyambura. Ulikiona kile ambacho mamia ya watu waliokaa chini ya hema la mazishi hawakukiona. Mtoto wangu alitambua uongo wangu kwa jinsi ulivyopangwa kwenye ukurasa, na mimi nikamsifu kwa utani ili asiendelee. Sijawahi kujichukia kama usiku ule, na nimekuwa na nafasi nyingi za kujichukia.

Usitafute fundisho kubwa hapa. Sina. Ninachokijua ni kidogo. Mtu anayependa kufanya kitu kizuri anaweza kujificha ndani yake miaka mingi na watu wakamwita hodari. Nimefanya hivyo. Wakati wowote nilipotakiwa kusema, nilirekebisha nafasi kati ya herufi. Wewe una mikono kama yangu, nimekuona ukirudia kuandika jina lako kwenye vitabu vipya hadi likae sawa, kwa hiyo nakuandikia hili kwa woga. Sikuambii uache. Siwezi hata kukuambia jinsi ya kuacha.

Na kuna jambo la pili, na hili ni la wiki hii.

Wangeci alirudi. Mwaka umetimia, Jumamosi wanafunua kaburi la cucu, wamelijengea na kuweka jiwe, na watu wote watakuja tena. Wanataka programu nyingine. "Fanya kama ile ya kwanza," akasema. "Watu waliisifu sana." Karatasi ya daftari ilikuwa ileile ya mwaka jana, imekunjwa palepale. Nilimtengenezea nakala ya kukagua, akaisoma yote, akatia sahihi. Wajukuu kumi na watatu.

Mpiga chapa ana miiko michache. Mkubwa ni huu: mteja akishatia sahihi, hugusi hata nukta. Ukigusa, wewe si fundi tena. Mtaa wetu ni mdogo, na habari ya fundi anayebadilisha maneno ya watu inafika kabla yake kila anapokwenda. Nilikuwa nayajua hayo jana nilipofungua kompyuta.

Niliitoa Mama Kanisa kwenye ukurasa wa mwisho. Majina yote niliyaandika kwa herufi ya kawaida isiyo na mkia, ile ya magazeti, inayosomeka hata na mzee bila miwani. Niliondoa ua. Pale chini ya safu ya pili niliandika Nyambura Wambui, binti wa Kariuki. Saba na saba. Herufi ya mikia nimeiacha mahali pamoja tu, juu, kwenye jina la cucu yako, ambalo ni lako.

Atieno alipanga rundo leo saa nne asubuhi. Akachukua ya juu, akasoma. Akahesabu kwa kidole.

"Wenyewe wamekubali?"

"La."

"Wewe mwanamke! Watafunga hii duka na tukiwa ndani."

"Najua."

"Na mtoto? Ulimwuliza?"

Atieno aliweka mkono wake juu ya chuma.

Sikukuuliza. Nililichukua jina lako mara ya kwanza bila idhini yako na kukufanya hodi, na sasa nimelichukua mara ya pili, na kuanzia Jumamosi watu usiowajua watakuwa wanauliza huyu wa kumi na nne ni nani, na wewe utakuwa shuleni ng'ambo ya Longonot na nywele fupi, bila mtu wa kukueleza ila karatasi hii. Sijui kama nimekurudishia kitu au nimekuchukulia kingine. Nimelifikiria hadi nikachoka na sipati jibu. Sidhani baba yako atakuja. Nadhani watachana ukurasa wa mwisho, mmoja mmoja, jikoni, na kugawa uliobaki. Cucu yako hatajua. Aliyetaka kukuita wajina alikuwa mmoja tu, na nilimzika kwa ua.

"Nikate?" Atieno akaniuliza.

"Kata."

Nilikuwa nimengoja hapo kwa mwaka mzima. Nilidhani safari hii itasikika tofauti. Ilikuwa ileile.

Makatoni mawili yaliondoka saa tano kwa ile pikapu iliyokuwa ikituletea viazi. Dereva aliuliza aseme nini akifika, nikamwambia aseme ameambiwa alete. Saa nane yalikuwa yamefika. Tangu saa tisa simu imeita mara sita, namba ni ya Wangeci, na sasa inaita tena hapa mezani huku nakusikia ukifungua geti. Nakala moja iko chini ya blanketi lako ndani ya sanduku, nimeikunja mara moja tu. Sasa naipokea simu.

Mama yako,
Wambui